Fundi wa Baridi wa Hamugembe

Fundi wa Baridi mwenyewe hakuiweza baridi. Asubuhi za masika, mvua inapoanza Bukoba kabla hakujakucha na ukungu ukalala juu ya ziwa, ungemkuta ameketi mlangoni mwa gereji yake pale Hamugembe, amevaa sweta mbili, kofia ya sufi ameivuta hadi masikioni, kikombe cha chai ya tangawizi amekishika kwa mikono yote miwili. Maji ya jokofu hakuyagusa. Akiletewa soda ya baridi aliiweka juani, akaendelea na kazi, akairudia ikiwa vuguvugu. Na huyu ndiye mtu ambaye sisi wenye magari ya zamani, kutoka Mutukula hadi Biharamulo, tulimtegemea atutengenezee AC.

Watu walimcheka kwa kazi aliyoichagua. Huku kwetu si Dar es Salaam, walisema. Fungua dirisha, ziwa litakupepea. Hakubishana nao. Alijua kwamba miezi ya mvua wangemjia wenyewe, kioo cha mbele kikishajaa mvuke wa pumzi za abiria, dereva anakifuta kwa kiganja huku anateremka mlima na haoni mbele. AC ndiyo inayokausha kioo. Alikuwa akisema kwamba Kagera AC si starehe, ni macho.

Mimi sikumfuata kwa ajili ya kioo. Nafundisha sekondari, nakaa Kishanda, wilaya ya Muleba, na binti yangu Kemilembe alizaliwa na ngozi isiyotoa jasho. Sikulijua hilo mpaka alipofika mwaka mmoja na nusu. Nilidhani ni mtoto wa homa. Kila kiangazi alichemka, nikampeleka zahanati, akapewa dawa ya malaria, jua likazama akapoa, nikaishukuru dawa. Daktari mmoja ndiye aliyemtazama nywele zake chache na meno yake mawili yaliyochongoka, akaniuliza kama nimewahi kumwona anatoka jasho. Sikuwa nimewahi. Akaniambia kwamba dawa ya hali hiyo hakuna, kazi yangu ni kuhakikisha hapati joto, maisha yake yote.

Kishanda hilo liliwezekana. Kuna kivuli cha migomba, kuna mvua, kuna ndoo ya maji na fulana ya kulowesha. Tatizo lilikuwa safari. Kliniki ya macho na meno yake ilikuwa Mwanza, na mara ya kwanza nilipompeleka kwa basi la mchana alipata degedege mikononi mwangu kabla hatujafika Geita. Abiria walimmwagia maji yao ya kunywa, wengine wakakemea pepo. Baba yake alikuwa kwenye kambi za uvuvi Goziba, anakuja nyumbani mara mbili kwa mwaka mitumbwi ikimruhusu, na mambo ya nchi kavu aliniachia mimi. Basi nilinunua gari dogo la mkuu wa shule aliyestaafu, gari lenye umri unaozidi miaka yangu ya ualimu. Injini sikuikagua, matairi sikuyatazama. Niliwasha AC, nikaweka mkono kwenye tundu la hewa, nikasema nalichukua. Baada ya wiki tatu tundu lile lilikuwa linatoa hewa ya moto.

Ndivyo nilivyofika Hamugembe. Nilikuwa nimeshapita kwa mafundi wawili, na kila mmoja alinijazia gesi na kunihakikishia kwamba mambo yamekwisha. Fundi alinisikiliza huku anamenya chungwa. Nilipomaliza aliniuliza nadhani gesi ile ilikwenda wapi. Nikasema imeisha. Akacheka, lakini si kwa dharau.

"Gesi ya AC hailiwi, Mwalimu," alisema. "Siyo petroli. Inazunguka humo humo ndani, miaka ishirini inaweza kuzunguka. Ikipungua, imetoka. Ikiwa imetoka, pana tundu. Anayekujazia bila kulitafuta tundu anakuuzia upepo."

Hiyo ndiyo iliyokuwa dini yake ya pili. Sikumwona akiivunja, isipokuwa mara moja, na nitaisimulia.

Kutafuta tundu kulimchukua siku nzima, pengine mbili. Alijaza hewa kwenye mabomba, kisha akapaka povu la sabuni kila kiungo kwa brashi ya kunyolea ndevu, akainama na tochi kusubiri povu lipumue. Kabla ya hapo aliamuru redio izimwe gereji nzima na watu wanyamaze. Alidai kwamba tundu dogo hulia, na mwenye subira hulisikia. Nimeona vijana wa gereji za jirani wakimwigiza, wameinama wamekunja uso, wanachekana. Lakini tundu lilipowashinda walikuja kumwita yeye.

Subira ile ilikuwa ya mabomba tu. Kwa watu hakuwa nayo hata chembe. Siku moja nikiwa hapo alifika mfanyabiashara mkubwa wa mjini, gari linameta, anamwoza binti yake Jumamosi, akataka gesi tu, ya siku moja, msafara upite. Fundi alimwambia aache gari, aje Jumatatu. Yule bwana akasema Jumatatu harusi itakuwa imepita. Fundi akamjibu kwamba basi maharusi watafungua madirisha, watu wawaone vizuri. Mfanyabiashara alitukana sana. Alimwita mzee wa ovyo, akaapa kwamba hatakosa fundi mji huu. Fundi alimalizia chai yake, akainuka, akamfungulia geti. Nilimwambia baadaye kwamba amepoteza mteja na rafiki zake wote. Alijibu kwamba mteja wa upepo si mteja.

Alikuwa mtu wa swala tano, na saa ya Ijumaa hakuna gari lililomshika. Lakini boliti iliyoshikwa na kutu ikimkatalia aliitukana kwa Kihaya maneno ambayo mimi Mluteri nilijifanya siyasikii. Alikataza sigara gerejini, akasema gesi na moto havikai nyumba moja, ilhali mwenyewe alivuta nyuma ya ukuta na kuzificha kwenye kopo la raba za mabomba ili mkewe asizione. Mkewe alijua. Aliwahi kuniambia kwamba alizihesabu kila akimletea chakula, na zikizidi mbili aliondoka na moja.

Watu walisema ukali wake kuhusu uvujaji aliupata zamani, kabla hajawa na gereji, alipokuwa anatunza vyumba vya baridi vya kiwanda kimoja cha samaki. Inasemekana bomba lilivuja, wakubwa wakaambiwa, wakajibu kwamba kazi iendelee, na mwenzake aliyeingia chumbani asubuhi ile hakutoka kwa miguu yake. Mimi sikuwahi kumuuliza. Ila niliona kwamba mtu akisema mbele yake kuwa uvujaji ni mdogo, aliacha alichokuwa akikifanya, akamtazama.

Kwenye gari langu alipata tundu la kwanza mbele, kwenye ile sahani ya mabomba membamba nyuma ya grili, ambako mawe ya barabara ya Kishanda yalikuwa yameitoboa. Akaibadilisha. AC ikapoa miezi minne. Tundu la pili lilikuwa kwenye raba zilizokauka. Akazibadilisha zote, hata ambazo zilikuwa nzima. Ikapoa mwaka. Katika miezi hiyo alimzoea Kemilembe, akawa anamwita mjukuu wake, akamtengenezea feni ndogo ya betri ya kushika mkononi kutoka kwenye mabaki ya kompyuta. Kemilembe alienda nayo shule mpaka ikazima. Ndipo joto likarudi mara ya tatu, na mara hii povu halikumwonyesha kitu. Alipaka, akapaka tena. Akasema tundu litakuwa ndani, kwenye lile koili linalopoza hewa, nyuma ya dashibodi, na kulifikia ni lazima alivue gari mbele yote kama mtu anavyompara samaki magamba. Alihitaji siku nne, na koili jingine mkononi, na koili hilo Bukoba halikuwepo.

Sikuwa na siku nne.

Kemilembe alikuwa na miaka saba. Kwa meno aliyokuwa nayo hakuweza kutafuna maharage wala nyama. Alikuwa anameza ndizi zilizopondwa, na alikuwa amekonda hadi nilikuwa nambeba kwa mkono mmoja. Daktari bingwa wa meno ya watoto alikuwa amefika Mwanza, mgeni, wa siku mbili tu, na tulikuwa kwenye orodha yake kesho yake. Kumkosa pale kulikuwa na maana ya kungoja mwaka, na mwaka mzima sikuwa na hakika kama mwanangu anao. Nilimweleza Fundi hayo nimesimama kando ya gari langu lililofunguliwa boneti. Akarudia kusema siku nne. Nikamwambia anijazie gesi tu. Akakataa. Nikamwambia tutaondoka alfajiri, tutafika kabla ya jua kali, nahitaji ya masaa machache. Akakataa tena, akageuka kuosha brashi yake.

Hapo nikalia. Sikuwa na desturi ya kulia mbele ya watu. Mtoto wa namna ile hukufundisha kubana machozi. Lakini siku hiyo nilikaa juu ya tairi kuukuu, mbele ya mafundi wote, nikalia kwa sauti mpaka pua ikanivuja. Sikumbuki nilimwambia nini. Nakumbuka kwamba redio ya jirani ilizimwa bila yeye kuamuru. Kisha Fundi akaenda ndani, akarudi na mtungi wa gesi, akaunganisha geji ya kupimia shinikizo bila kunitazama.

Hewa ilipoanza kutoka ya baridi nilimuuliza swali moja.

"Itashika, Fundi?"

"Itashika," alisema.

Tuliondoka alfajiri. Muleba mjini tuliipita gari likiwa baridi kama kisima, Kemilembe amejifunika khanga, anaimba nyimbo za shule ya Jumapili. Saa tatu asubuhi, tukiikaribia Biharamulo, tukakuta magari yamesimama. Lori la trela lilikuwa limelala barabarani lote, toka mtaro hadi mtaro, na shehena yake imemwagika. Watu walisema litaondolewa sasa hivi. Tulingoja. Nyuma yangu yakaja mabasi, yakaja malori, na nilipofikiria kugeuza hapakuwa na pa kugeuzia. Saa tano nilisikia hewa ya AC imepungua makali. Nikajiambia ni kwa sababu gari limesimama. Saa tano na nusu nilikuwa nimeweka mkono kwenye tundu la hewa nikiomba, na hewa iliyokuwa inagonga kiganja changu ilikuwa hewa ya nje.

Nilikuwa na galoni la maji. Nikamlowesha kichwa, nikalowesha fulana, nikampepea kwa daftari. Kivuli cha barabarani hakikuwepo, msitu ulikuwa umefyekwa pande zote mbili. Nilimtoa nje nikamlaza upande wa gari usiopigwa na jua, lakini lami yenyewe ilikuwa inapumua moto. Maji yakaisha. Nikapita kwenye magari naomba, wakanipa chupa moja moja, yalikuwa ya vuguvugu, nayo yakaisha. Ngozi yake ilikuwa kavu na imewiva. Aliacha kulia. Kisha aliacha kunijibu. Nilimwita jina lake, nikaliita na lile la nyumbani ambalo bibi yake alimpa, akafungua macho na hakunitazama. Nikajua kinachofuata ni degedege, na baada ya degedege sikuwa na jambo lingine ninalolijua.

Dereva mmoja alikuwa amesimama ananiangalia tangu nipite kwake kuomba maji. Alikuwa mtu wa makamo, amevaa buti za mpira.

"Mama, mtoto ana nini?"

"Hatoki jasho. Anaungua kwa ndani."

Hakuuliza zaidi. Aliniambia kwamba anatoka mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki, na sangara wa Goziba, gari lake limejaa barafu, na mzigo una lakiri ya mwenye mali ambayo haruhusiwi kuivunja mpaka Mwanza. Alipokuwa bado anasema hivyo alikuwa ameshamwinua Kemilembe begani. Akavunja lakiri kwa bisibisi, akafungua milango ya nyuma, akatandika magunia juu ya barafu kati ya samaki, akamlaza. Nilipanda nikakaa naye mle gizani, mlango umeachwa wazi kidogo. Nilimpaka barafu makwapani na shingoni. Sangara walikuwa wakubwa kuliko yeye. Sijui tulikaa muda gani. Mkono wake ulianza kupoa vidoleni, kisha kiganjani, na mwisho akaniuliza kama samaki hawa wamelala.

Barabara ilifunguliwa saa tisa. Tulifika Mwanza mtoto akiwa na mfuko wa barafu mapajani na mwingine mgongoni, na siku ya pili daktari alimpima meno. Leo ana meno. Lakini nilirudi Kagera na hasira ambayo sikujua kwamba mwalimu wa shule ya Jumapili kama mimi anaweza kuwa nayo.

Nilikwenda Hamugembe asubuhi ya mvua, peke yangu. Alikuwa chini ya gari la mtu. Nilisubiri atoke, nikamsimulia yote nimesimama, kwa maneno machache, kuanzia foleni hadi samaki. Alinisikiliza akiwa ameketi chini, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto. Nilipomaliza nilidhani atajitetea kwamba alikataa mara mbili, na ingekuwa kweli.

"Mwalimu, nilijua," alisema. "Wakati najaza niliona mshale wa geji unarudi. Nilijua haitafika mchana."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unalia."

Nikamwambia kwamba angeniambia ningekwenda na barafu yangu, ningekwenda na madumu kumi ya maji, ningengoja jioni, ningefanya lolote. Nilikuwa nimemtegemea kwa kuwa katika mji mzima alikuwa mtu mmoja asiyeweza kukubembeleza kwa uongo, na siku niliyouhitaji ukweli wake kuliko siku zote alinionea huruma. Nilimwambia hivyo. Alivua kofia yake ya sufi. Sikuwa nimewahi kukiona kichwa chake. Kilikuwa cheupe chote.

Baada ya hapo aliyaondoa magari mengine yote gerejini, akavua dashibodi ya gari langu. Nilipopita siku ya pili niliona nyaya zinaning'inia na usukani uko juu ya meza, nikadhani gari limekufa. Koili lilikuwa limeliwa na kutu hadi likawa kama chujio la chai. Alikwenda mwenyewe Mwanza kwa meli, akarudi na koili lililotolewa kwenye gari la ajali, akalijaribu kwa maji na kwa povu kabla ya kulifunga, akalijaribu tena baada ya kulifunga. Aliponikabidhi ufunguo sikumuuliza kama itashika.

Jumapili moja mwezi uliofuata tulitoka kanisani Kishanda tukamkuta Fundi kibarazani kwetu, ameketi na mfuko wa zana, amekuja kwa basi. Hakutaka kuingia ndani. Alifungua boneti, akapaka povu lake, akainama nusu saa, akala ndizi na maharage, akaondoka. Alikuja mwezi uliofuata tena. Alikuja hivyo karibu miaka minne. Kiangazi cha kwanza kiungo kimoja kilivuja kweli, akakiona kabla sijahisi. Mwaka uliofuata ilikuwa kompresa, ile pampu inayosukuma gesi. Gari la zamani halina mwisho. Ukibadilisha kinachovuja, shinikizo linahamia kwenye kinachokaribia kuvuja. Nilianza kumhurumia, kisha nikaanza kumwogopa, maana kila alipokuja niliona amezidi kukonda, na kila alipofunga boneti alikuwa kama mtu anayeondoka kwenye chumba cha mgonjwa. Nilimwambia imetosha. Nilimwambia nimemsamehe. Alisema "Kasinge, Mwalimu," yaani asante, akaja mwezi uliofuata.

Na kuna kitu kilimharibikia katika kazi. Mteja alipomuuliza kama AC itashika alisema hajui. Gari ameshalivua na kulirudisha, tundu ameshaliziba, povu limeshanyamaza, bado alisema hajui. Mwanzoni tulidhani ni utani. Lakini nani atamwachia gari fundi asiyejua? Karibu naye kijana mmoja alifungua duka la kujaza gesi na dawa ya kuziba matundu ambayo hugandisha kompresa baada ya miezi sita. Yeye aliwahakikishia watu kwa mkono kifuani, na foleni yake ilifika barabarani. Nilipita siku moja nikamkuta Fundi amekaa mlangoni na sweta zake, gereji tupu, redio imezimwa ingawa hapakuwa na gari la kusikiliza. Kosa lile lilikuwa lake, sikatai. Lakini kilio kilikuwa changu, na sikupata pa kukirudisha. Mwaka uliofuata mlango ulikuwa na kufuli la mtu mwingine, na ziara za Jumapili zikakoma.

Ilinichukua miaka mitatu kumpata. Mkewe alikuwa amefariki, na yeye alikuwa amehamia kwa binti yake Kashozi, nyumba ndogo nyuma ya misheni, kati ya kahawa na migomba. Tulikwenda Agosti iliyopita, mimi na Kemilembe, ambaye sasa ana miaka kumi na mitano na ananishinda urefu. Tulimkuta kwenye mkeka nje, miguu imevimba, kifua kinamsumbua. Macho yalikuwa mazima. Alimtambua Kemilembe kabla ya kunitambua mimi. Alimwomba acheke, akayatazama meno yake muda mrefu.

Tulikaa naye. Alizungumza kidogo na kupumzika sana. Alimuuliza Kemilembe anasoma nini, akamwambia fizikia ndiyo anayoipenda. Mimi alinipa habari za wale tuliowafahamu Hamugembe, nani amekufa, nani amepata pikipiki. Ilipofika saa saba nilisema inatupasa kuondoka, maana jioni ile nilikuwa na kwaya na safari ya kurudi Muleba ni ndefu. Akatazama uani. Jua lilikuwa wima, kuku wamejificha chini ya ghala.

"Mmekuja na gari lipi?"

"Lile lile."

Aliweka mkono chini kwenye mkeka kama anataka kuinuka, ukamshinda.

"Waitu, tafadhali, msiondoke sasa," alisema. "Jua kali."

Nilimwambia kwamba AC inafanya kazi, tumetoka nayo Kishanda, mtoto hajasikia hata joto. Nilimwambia nina maji, na nina boksi la barafu kwenye buti, sisafiri bila hilo siku hizi. Alitikisa kichwa. Alisema tena, kwa sauti ndogo zaidi, jua kali, na safari hii hakuwa anaongea na mimi. Alikuwa anamwomba Kemilembe.

Binti yangu alinitazama, akavua viatu vyake, akaketi mkekani karibu na miguu ile iliyovimba.

"Tutakaa, babu," alisema.

Nikapiga simu kwaya waendelee bila mimi. Binti yake Fundi akatuletea ndizi na samaki, tukala. Yeye hakula. Alikuwa anautazama mstari wa kivuli cha nyumba uani, jinsi unavyosogea, ukalifikia jiwe la kufulia, ukalivuka, ukaufikia mgomba wa kwanza. Mara mbili alisinzia, na mara mbili alishtuka akatazama kama bado tupo. Kivuli kilipofika kwenye geti na upepo wa jioni ukaanza kupita kwenye kahawa, alimshika Kemilembe mkono, akaugeuza kiganja juu, akakipapasa kwa dole gumba. Kilikuwa kikavu, kimepoa.

"Sasa nendeni," alisema.